Mwisho wa Shax Sikuujua

Ifrah, hooyo,

Nakuita hooyo, yaani mama, jina langu mwenyewe, kama wazazi wote wa kwetu wanavyowaita watoto kwa majina yao wenyewe, na leo nikikuita hivyo nasikia kama najiita mimi nije hapa nikae nisikilize.

Ni baada ya adhuhuri. Niko kibandani. Maziwa ya ngamia yaliyokuja asubuhi yamebaki mtungi mmoja, wateja wamelala kwa joto, hata mbuzi wa jirani wamejibana chini ya mkokoteni. Wewe uko nyumbani unapanga begi la kesho. Nimechukua daftari lako la zamani la jiografia, lile lenye kurasa tupu nyuma, naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kukiandika kabla sijatoka shule darasa la saba. Kisomali changu kiko mdomoni tu, sikuwahi kukipa kalamu. Kwa hiyo ukifika mahali nimekosea, usicheke sana, soma nilichotaka kusema.

Sitakuandikia habari za sweta. Nakuru kuna baridi, unajua. Kitambulisho kikae karibu, pale kizuizini darajani polisi watakitaka, unajua hayo pia. Baba yako amekuambia yote kwa simu kutoka Liboi, mara mbili, lori likipakiwa, na nilikusikia ukijibu "haye aabo, haye aabo", sawa baba, huku macho yako yako kwingine. Mimi nina jambo moja. Nimelibeba karibu mwezi mzima na limenichosha kuliko mitungi.

Jumatano tulipokuwa tunaosha vyombo uliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani: "Hooyo, nikifika chuoni nitabadilisha kozi. Kwenye meza ya usajili wanakubali, unajaza tu kwenye fomu. Nitaacha ya programu, niombe ya ununuzi na ugavi."

Nikakuuliza kwa nini.

Ukasema, "Kuandika programu kunataka mtu anayesikia anachoambiwa. Mimi sisikii vizuri."

Niliendelea kusugua mtungi ambao ulikuwa umeshatakata. Wewe ukadhani nimekubali, ukainuka ukaenda kuanika.

Unasikia vizuri, Ifrah. Siku ile ulisikia vizuri kabisa. Ni mimi niliyesema uongo.

Sasa nimeliandika, na mkono bado unafanya kazi. Acha nikueleze lilivyokuwa, kwa sababu hata wewe uliyekuwepo huijui yote.

Mwalimu wenu wa pale kituo cha kompyuta, Mutua, aliwapa kazi ya mwisho: kila mtu aandike programu ya mchezo mdogo wa ubao. Wenzako wote walichagua ule wa sifuri na msalaba. Wewe ulirudi nyumbani ukiwa na laptopu ya kuazima, ile ambayo bila waya inazima, ukasema mwalimu amewaambia waandike kitu wanachokijua, na wewe unataka kuandika shax. "Mchezo wa awoowe," ukasema, ukimtaja babu yako. "Hakuna mtu amewahi kuuweka kwenye kompyuta hapa kwetu. Lakini sijui sheria zake, na wale wazee hawana subira na msichana."

Nikakuambia mimi ninazijua.

Ulinigeukia, Ifrah. Hujui ulivyonitazama. Mimi ni mtu wa maziwa. Watu huniuliza kama yamechacha au hayajachacha, basi. Siku ile ulivuta mkeka, ukawasha mashine, ukaweka vidole tayari, ukasema, "Haya, nieleze." Nami nikaanza kusema, na nilichosema kikawa kinaingia pale. Hakuna mtu aliyewahi kuandika neno langu. Mwalimu wangu wa darasa la saba hakuandika, karani wa chifu aliandika jina langu tu, tena alilikosea. Wewe uliandika kila kitu.

Nilichora ubao kwa mkaa juu ya katoni: miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na mistari minne inayoiunganisha katikati. Nyumba ishirini na nne. Kila mchezaji ana vijiwe kumi na viwili, mmoja hutumia mawe na mwingine vijiti. Mnaviweka kwa zamu mpaka ubao ujae, kisha kila mmoja anaondoa kimoja cha mwenzake ili njia ifunguke, ndipo mnaanza kutembea. Ukipanga vitatu kwenye mstari mmoja umepata jare, unakula kimoja cha mwenzako. Wewe uliyageuza hayo yote kuwa orodha. Orodha ya nyumba, na nyingine ya majirani, nyumba ipi inashikana na ipi. Nilikuwa nakutazama nikasema moyoni, huyu mtoto anapanga dunia.

Tulivyohangaika na zile namba. Nilikuwa nimeandika kwenye katoni moja mpaka ishirini na nne, na kila nikikuambia peleka kijiwe nyumba ya saba, kwenye kioo kinakwenda ya nane. Tulidhani mashine imerogwa. Siku nzima. Kisha ukapiga paja lako ukasema, "Hooyo, yenyewe inaanza kuhesabu na sifuri."

"Sifuri si kitu," nikakuambia. "Mtu anaanzaje na kitu ambacho hakipo?"

"Kwake sifuri ni mahali. Ni nyumba ya kwanza."

"Basi ingesema mapema, nisichore katoni nzima."

Ulicheka mpaka ukalala chali. Nami nilicheka. Sikumbuki kama tuliwahi kucheka hivyo tangu ulipoanza kufunga nywele mwenyewe.

Na ulinionyesha ile mistari inayoanza na alama ya reli. Ulisema, "Hii mashine inaipita, haisomi. Hii ni ya mtu atakayekuja kusoma baadaye, aelewe kwa nini tulifanya hivi." Na kwenye ile mistari uliandika: hooyo anasema hivi, hooyo anasema vile. Jina langu lilijaa mle. Niliona haya, nikapenda.

Ndipo ukaniuliza. Nakumbuka mpaka mahali pa jua. Lilikuwa limefika kwenye kizingiti.

"Hooyo, na mtu akikosa pa kwenda? Vijiwe vyake vyote vimezibwa, hana hata nyumba moja tupu karibu. Anafanya nini?"

Sikujua.

Nisikilize hapa. Sikujua, na nilijua kwamba sijui. Haikuwa kusahau. Nilipokuwa mdogo kule Sangailu, awoowe wako, babangu, alikuwa akicheza kila siku baada ya alasiri na wanaume wa kambi yetu, na mimi nilikuwa nakaa nyuma ya bega lake. Sikukatazwa. Alikuwa hata akiniambia, "Aabo, shika hiki," akanipa kijiwe alichokula. Lakini mchezo ule huenda polepole, na ukikaribia kwisha jua huwa linashuka, na jua likishuka mbuzi wanarudi, na wanambuzi lazima watengwe na mama zao kabla hawajamaliza maziwa yote. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Kila siku, vijiwe vikibaki vichache, palipokuwa patamu, sauti ya mama ilikuwa inatoka kwenye zizi inaniita. Naondoka. Nikirudi nakuta ubao umefutwa kwa mguu na wanaume wanasali. Miaka yote ile sikuwahi kuona mwisho wa shax.

Kwa hiyo uliponiuliza, neno la kusema lilikuwa moja na ni fupi. Lakini vidole vyako vilikuwa vinangoja pale. Nikaona nikisema sijui, utaacha kuandika, utakumbuka kwamba mimi ni mama wa darasa la saba. Nikasema, kama mtu aliyeshinda michezo mia: "Akikosa pa kwenda, amekwisha."

Ukaandika.

Unajua yaliyofuata, lakini acha niyaseme nilivyoyaona mimi. Tulikwenda nyuma ya soko la mifugo, kwenye kile kivuli cha ukuta ambapo awoowe na wenzake hukaa. Wewe umebeba laptopu, mimi nimebeba thamosi ya chai kama sababu ya kuwa pale. Mwanzo ilikuwa raha. Awoowe na Mzee Gedi walikubali kucheza, wanaelekeza kwa bakora kwenye kioo, wewe unabonyeza. Gedi akasema, "Polepole na hiyo fimbo, ukitoboa kioo utalipa kwa ngamia." Awoowe akajibu, "Wewe una ngamia gani, mzee? Yule kilema?" Wanaume wakakusanyika. Mashine ikawa inahesabu majare bila kosa, mtu akitaka kuiba hatua inamkatalia, na Gedi, ambaye sote tunajua anaiba, akaiambia, "Wewe ni askari wa wapi?" Nilisimama na thamosi yangu nimejaa fahari hadi shingoni.

Kisha awoowe akamziba Gedi. Vijiwe vyote. Na kioo kikaandika: Mchezaji wa pili ameshindwa.

Ukawasomea.

Gedi akasema, "Nani ameshindwa?"

"Wewe, awoowe. Huna pa kwenda."

"Nina vijiwe sita hapa. Hajanimaliza. Nimekaa tu, nimefungiwa njia, na hii sinia inaniambia nimeshindwa. Nimeshindwa na nani?"

Na awoowe wako, aliyeshinda, ndiye aliyekasirika zaidi. Alisukuma laptopu kwa nyuma ya mkono. "Mimi sijashinda kitu. Nimemfungia mtu, na aliyemfungia mtu ndiye anayemfungulia. Hata watoto wanajua. Sasa mashine hii inataka niitwe mshindi kwa kumkaba mtu shingo? Nani amekufundisha sheria hizi, awoowe?"

Ulinitazama. Kidogo tu, kama mtu anayeangalia kama mlango uko wazi. Nami nilitazama thamosi. Nilifungua kifuniko nikakifunga tena.

Ukasema, "Ni mimi, awoowe. Nilikosea."

Gedi akacheka, akasema mashine haina adabu kwa sababu imelelewa na watoto wa shule, na wote wakacheka, wakarudi kwenye mchanga wao. Njiani ulitembea mbele yangu. Nilikuwa naona kisigino cha ndala yako kinavyopiga vumbi.

Nyumbani ukaniuliza, na hukuniuliza kwa ukali. Ningependa ungekuwa mkali. "Hooyo, si nilikuuliza? Si ulisema amekwisha?"

Na mimi nikasema, "Nilikuambia asubiri afunguliwe. Hukunisikia."

Ilitoka hivyo, laini, bila kukwama. Nilikuwa nimeisikia kwa awoowe saa moja tu kabla, nikaivaa kama nguo yangu.

Kisha ukasema, "Labda sikusikia."

Hilo "labda" ndilo linaloniamsha. Kwa sababu ulikuwa umeandika, Ifrah. Ulikuwa na mstari wenye alama ya reli, kwa vidole vyako, siku ileile, saa ileile: hooyo anasema, akikosa pa kwenda amekwisha. Ungefungua tu ukanionyesha. Siku tatu baadaye uliacha laptopu wazi ukaenda kuswali, nikainama nikatafuta ule mstari, maana nilikuwa najua unavyoonekana. Haukuwepo. Ulikuwa umeufuta. Mahali pake uliandika: sikusikia vizuri, kosa langu, Ifrah.

Sijui kama uliniamini kweli, ukaona mkono wako ndio uliokudanganya. Au ulijua, ukanifichia aibu. Nimejaribu kuchagua kati ya hayo mawili lipi ni jepesi, na hakuna jepesi. Kama uliniamini, nimekufundisha kuacha kuamini ulichokisikia na kukiandika mwenyewe. Kama ulijua, basi mtoto wangu wa miaka kumi na minane amenibeba mgongoni mwezi mzima na mimi nimejifanya nimelala. Siku ya kuonyesha kazi ulimpelekea Mwalimu Mutua ule wa sifuri na msalaba, ulioufanya kwa siku moja bila furaha. Alikuuliza shax iko wapi, ukamwambia haikwenda vizuri. Uliniambia hilo ukiwa unakunywa maji, kama habari ya mtu mwingine.

Sasa nitakuambia lingine ambalo hulijui, kwa sababu hili la shax halikuwa la kwanza.

Ulipokuwa na miezi minne ulipata homa. Mimi nilikuwa na miaka kama uliyo nayo wewe sasa. Nilikupeleka zahanati, nikapewa chupa ya dawa na muuguzi wa bara, mama mwema, lakini alikuwa akiongea Kiswahili cha haraka na foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu. Akaniuliza, "Umeelewa?" Sikuelewa. Kulikuwa na wanawake wawili ninaowafahamu nyuma yangu, na mmoja alikuwa amesema siku nyingine kwamba mimi ni mtoto aliyepewa mtoto. Nikasema, "Nimeelewa." Nyumbani nikakupa kijiko kizima, na baadaye kingine. Ulilala. Ulilala mchana, ukalala usiku, nikakupigapiga miguu hukuamka, nilikuwa naweka kioo cha mkononi puani mwako nione mvuke. Bibi yako, ayeeyo, akaja akanikuta nimekaa hivyo. Uliamka siku ya pili asubuhi, unalia njaa, na nilifurahi kwa kilio kile kuliko kwa siku uliyozaliwa. Lilipaswa kuwa tone, hooyo. Matone machache. Ningesema tu "sijaelewa, rudia," angerudia. Alikuwa mtu wa kurudia.

Niliapa siku ile. Wallahi niliapa. Na ukaja kuniuliza swali la vijiwe, kitu ambacho hakiui mtu, nikafanya vilevile.

Nimejiuliza kwa nini. Nadhani mtu aliyesoma kidogo hufikiri kwamba waliosoma sana hawana mahali pasipojulikana, kwamba yeye peke yake ndiye mwenye shimo, kwa hiyo analifunika haraka kabla watu hawajaona. Mutua nilimsikia kwa masikio yangu, siku nilipokuletea chakula pale kituoni. Mtu alimuuliza jambo mbele ya darasa zima, akakuna kichwa akasema, "Hiyo sijui, tuitafute," na hakuna aliyemcheka. Niliondoka na bakuli tupu nikiwa nimeshangaa kama mtu aliyeona mvua ya kiangazi. Mwanaume, mwalimu, mwenye cheti ukutani. Ilikuwa kabla ya siku ya wazee, na bado sikujifunza. Nimechelewa kwa mengi.

Leo asubuhi, kabla gari la maziwa halijafika, nilikwenda kwa babangu.

Walikuwa wameshakaa, yeye na Gedi. Nikasema mbele ya wote, maana niliponyamaza wote walikuwepo, "Aabo, sheria za ile mashine nilizisema mimi. Ifrah aliniuliza, nikamjibu kitu nisichokijua. Kisha nikamwambia ni yeye hakusikia."

Akaniangalia. "Hilo tu? Mimi nilidhani umekuja kwa ajili ya yule mbuzi wangu aliyekula ua lako."

"Si hilo tu. Mtoto anaondoka kesho na anataka kuacha kazi hiyo kwa sababu yangu."

Gedi akasema, "Mimi nilisema tangu mwanzo yule msichana ana akili. Askari wake alinikamata mara tatu." Hakusema hivyo tangu mwanzo, lakini nilimshukuru.

Babangu akanigeukia. "Wewe shax uliijulia wapi? Hukuwahi kucheza."

"Nilikuwa nakaa nyuma yako, Sangailu. Lakini sikuwahi kuona mwisho."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naitwa zizini."

Akafikiri. Niliona alivyokwenda mpaka kule na kurudi. Hakusema pole. Babangu hasemi hivyo, unamjua. Alifuta mchezo wao wote kwa kiganja, Gedi akilalamika kwamba alikuwa anakaribia kushinda, akasema, "Kaa."

Nikakaa, mwanamke mzima na buibui langu, mchangani. Tulicheza mpaka jua likatuhamisha kivuli mara mbili. Gari la maziwa lilikuja likapiga honi, kijana wa gari akashusha mitungi yangu kwa jirani. Sikuinuka. Na mbele huko, bila kukusudia, nikamziba babangu. Vijiwe vyake vyote. Nikasema, "Sasa?"

Akasema, "Sasa mimi nangoja, wewe unafanya kazi. Nifungulie."

"Kwa kijiwe kipi?"

"Sikuambii. Aliyefunga ndiye anayetafuta."

Nilitafuta muda mrefu. Nilipata kimoja ambacho kingemfungulia njia na papo hapo kunipa jare, nikafurahi, nikanyoosha mkono nile kijiwe chake. Akanipiga vidole kidogo na kijiti. "Hapana. Hatua ya kumfungulia mtu hailipwi. Hata ukipanga vitatu, huli."

Kisha akanishinda, kwa utulivu, bila huruma. Niliuona mwisho wote. Mtu akibakiwa na viwili tu anaweka mkono juu yavyo, na mwenzake anafuta ubao kwa kiganja. Si kwa mguu. Kumbe ule mguu niliokuwa naukuta ulikuwa wa watu wanaopita.

Basi sheria ni hii, Ifrah, na safari hii nimeicheza, sikuiotea. Mtu akikosa pa kwenda, hajashindwa. Zamu inarudi kwa aliyemfungia, naye lazima asogeze kijiwe kinachofungua njia. Katika hatua hiyo, hata akipata jare, hali kijiwe cha mwenzake. Baada ya hapo mchezo unaendelea kama kawaida. Nimemuuliza mara mbili, na mara ya pili nimemrudishia kwa maneno yangu, akasema ndivyo. Kuna jambo moja lingine nililotaka kujua: je, kama hakuna kijiwe chochote kinachoweza kufungua? Nilimuuliza. Akasema hajawahi kuona. Gedi akasema amewahi, miaka ile kule Diff, lakini Gedi amewahi kuona kila kitu. Kwa hiyo hiyo sijui. Nakuandikia hivyohivyo: sijui.

Kuhusu fomu sitakuambia ujaze nini. Mimi si mtu wa kukuambia sasa hivi. Ununuzi na ugavi ni kazi nzuri, watu wanajenga nyumba kwayo, na kama moyo wako uko huko, nenda, nitakuombea dua ileile. Lakini usiijaze kwa sababu ya kosa ambalo si lako. Uliuliza swali ambalo mtu wa kazi hiyo anapaswa kuuliza, nadhani ndilo gumu kuliko yote kwenye ule mchezo, na uliliuliza kabla mtu yeyote hajalifikiria. Ulisikia jibu neno kwa neno. Uliliandika mahali panapostahili. Kilichoharibika kilikuwa kimekaa upande wa pili wa mkeka.

Mkono umeniuma, sijazoea. Wateja wameanza kuamka, mama mmoja amekuja na chupa yake nikamwambia angoje kidogo naandika, akanitazama kama nimepandwa na jini. Nimechoka, hooyo, lakini ni uchovu mwingine. Wa mtu aliyeshusha.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii kwenye begi lako, juu ya vyeti, uikute Nakuru siku ya usajili. Nilipofika kwenye ukurasa huu nikaona ninachofanya. Kesho alfajiri ungeniaga pale kwenye basi ukiwa hujui, ungenikumbatia kama mama asiyekudanganya, nami ningepokea, halafu basi lingevuka daraja na wewe ungebaki kusoma peke yako na watu usiowajua. Huo ungekuwa wizi wa asubuhi nzima.

Kwa hiyo nafunga kibanda sasa, na huu mtungi wa mwisho nampa jirani auze. Naja nyumbani. Nitakupa barua mkononi, kisha nitakaa kwenye mkeka mbele yako, sitakwenda jikoni, sitajifanya nina kazi. Usome taratibu. Ukitaka kulia, lia, ukitaka kunigombeza, nigombeze, nimeshakuambia ningependa ungekuwa mkali. Ukimaliza, inua uso. Nitakuwa nakutazama.

Mama yako, anayekuja njiani